Silaha za Kutoboa Vifaru na Biashara Yake: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Tangu vita vya Ukraine vipambe moto Februari 2022, mazungumzo ya mabarazani Unguja na Pemba yamejaa majina ambayo zamani yalijulikana na wanajeshi peke yao: Javelin, NLAW, Kornet, RPG. Hapo Jaws Corner, Mji Mkongwe, kikombe cha kahawa hakimalizwi kabla hajatokea mtu akaeleza jinsi kombora fulani linavyoyeyusha kifaru. Mengi yasemwayo yana ukweli ndani yake, lakini yamechanganyika na uvumi, na bei zinazotajwa aghlabu ni za kubuni. Majibu yafuatayo yameandikwa kwa ajili ya msomaji asiye mwanajeshi na aliyeiacha fizikia skuli.

Ni silaha gani hasa zinazozungumzwa hapa?

Ni silaha za kupigia magari ya deraya ambazo nguvu yake ya kutoboa hutokana na kiripuzi chenye uwazi kwa mbele. Ndani ya kichwa cha roketi au kombora, baruti kali haijazwi ikawa bonge moja. Upande wake wa mbele huachwa uwazi wenye umbo la pia, na ukuta wa uwazi huo huvikwa bitana nyembamba ya metali, aghlabu shaba. Kila kilichobaki, yaani mtutu, mota ya roketi, mabawa, waya, kamera na kompyuta, kipo kwa kazi moja tu ya kukifikisha kichwa hicho mahali pake. Msomaji aishike tofauti hii baina ya kinachotoboa na kinachofikisha, kwa sababu bila ya hiyo suala la bei halieleweki.

Kiripuzi kidogo kinawezaje kutoboa chuma kinene?

Kiripuzi cha kawaida hutawanya nguvu yake kila upande, na sehemu kubwa ya nguvu hiyo hupotea hewani. Uwazi ulio mbele hubadilisha mambo. Mripuko unaanzia nyuma, unasonga mbele, unaikuta bitana ya metali na kuisukuma kuelekea katikati kutoka pande zote. Metali hiyo haina pa kukimbilia ila mbele, na hivyo hurefuka ikawa mchirizi mwembamba unaokwenda kwa kasi kubwa mno. Anayetaka kuiona kanuni hii bila ya baruti na asimame ukutani Forodhani wakati wa jioni, vijana wanapochupa baharini: mwili unapozama huacha shimo ndani ya maji, kuta za shimo hilo hugongana katikati, na maji yaliyobanwa hapo huruka juu kwa mstari mwembamba kupita rasharasha nyengine zote.

Ncha ya mchirizi wa metali huweza kwenda kilomita 8 hadi 10 kwa sekunde, wakati risasi ya bunduki ya kivita kwa kawaida haifiki hata kilomita moja. Kwa kasi kama hiyo, shinikizo la pale mchirizi unapokutana na chuma huwa kubwa kiasi ambacho ugumu wa chuma hauna tena uzito mkubwa katika hesabu. Metali zote mbili hujiendesha kama vimiminika, moja ikiisukuma nyengine kando. Wanahisabati wa wakati wa Vita Vikuu vya Pili walilieleza jambo hili kwa kanuni zilezile za mwendo wa maji, na maelezo yao yakachapishwa mwaka 1948, baada ya kufichwa kwa miaka kadhaa. Kinachobaki kwenye chuma ni tundu jembamba na refu, wala si bovu kubwa kama wengi wanavyodhani. Kichwa cha awali cha RPG-7, chenye kipenyo cha milimita 85, kilikuwa na uwezo wa kutoboa chuma cha milimita 260 hivi, na vichwa vya kisasa vimekipita kwa mbali.

Kwa hiyo chuma huyeyushwa kwa moto?

Hapana, ingawa hii ndiyo dhana inayorudiwa kuliko zote. Picha za eksirei zilizopigwa wakati wa mripuko, pamoja na uchunguzi wa vipande vilivyookotwa baadaye, zimeonesha kwamba metali ya mchirizi hubaki yabisi. Inakwenda kama kimiminika kwa sababu ya shinikizo, si kwa sababu imeyeyuka. Joto lipo, na ni kali, lakini silo linalotoboa. Kuyeyusha chuma kinene kunahitaji muda, na muda ndio usiokuwepo, kwani tundu hukamilika ndani ya sehemu ndogo ya elfu moja ya sekunde.

Je, ni kitu kimoja na baruti ya uvuvi haramu?

Si kitu kimoja. Baruti ya uvuvi haramu huua kwa mshindo unaosambaa majini kila upande, na ndiyo maana huvunja matumbawe na kumaliza samaki wakubwa kwa wadogo. Hapa tunazungumzia nguvu iliyokusanywa kwenye nukta moja.

Nani aliyegundua jambo hili?

Hakuna mtu mmoja. Mjerumani Franz von Baader aliwahi kuandika mwaka 1792 kwamba uwazi ndani ya baruti ya wachimba migodi ungeweza kuikusanya nguvu yake, ingawa baruti nyeusi ya zama hizo haikuwa na kasi ya kutosha. Jina lililoshikamana na jambo hili ni la Charles Munroe, mkemia wa Kimarekani aliyefanya kazi katika kituo cha torpido cha jeshi la majini huko Newport. Mwaka 1888 aliona kwamba herufi zilizochongwa kwenye tofali la kiripuzi zilijichora kwenye bamba la chuma baada ya mripuko: palipokuwa na shimo kwenye tofali, na chuma nacho kilichimbika. Ujerumani nayo ilikuwa na watafiti waliokuwa wameshakaribia jambo lilelile, akiwemo Max von Foerster kabla yake na Egon Neumann baada yake.

Yote hayo yalibaki kuwa ajabu ya maabara hadi miaka ya 1930, pale ilipogunduliwa kwamba kuuvika uwazi bitana ya metali kunaongeza nguvu ya kutoboa mara nyingi. Ugunduzi huo unahusishwa na Franz Rudolf Thomanek wa Austria na Henry Mohaupt wa Uswisi, na wanahistoria bado wanabishana nani amtangulie mwenzake. Ulimwengu ulishtuka tarehe 10 Mei 1940. Siku hiyo askari wa miavuli wa Ujerumani wasiofika mia moja walitua kwa ndege zisizo na injini juu ya ngome ya Eben-Emael nchini Ubelgiji, ngome iliyosifiwa kuwa haiingiliki, wakayatoboa makuba yake ya chuma kwa viripuzi vya aina hii, vikubwa kati ya hivyo vikiwa na uzito wa kilo 50.

Kutoka hapo mambo yalikwenda mbio. Marekani ilitoa bazooka, mtutu wa begani wa kurushia roketi, mwaka 1942, na iliponyang'anywa kadhaa vitani Wajerumani wakaitengeneza ya kwao iliyo kubwa zaidi, Panzerschreck, pamoja na Panzerfaust ya kutumika mara moja. Umoja wa Kisovieti ulijifunza kutoka kwa wote hao, na mwaka 1961 ukaipokea RPG-7 jeshini. Silaha hiyo ina zaidi ya miaka sitini sasa na bado inaundwa katika nchi nyingi, kwa idhini na bila ya idhini.

Kwa nini kasi ya kombora lenyewe haijalishi?

Mzinga wa kifaru hutoboa kwa kurusha mkuki mzito wa metali kwa kasi kubwa, na mkuki huo hupungua nguvu kadiri unavyokwenda mbali. Kichwa chenye uwazi hubeba nguvu yake ndani, kwa hivyo hutoboa kiasi kilekile kikiwa kimerushwa mita 50 au kilomita 5, kikienda kasi au polepole. Hili linaonekana jambo dogo, lakini ndilo lililompa askari wa miguu uwezo wa kupambana na kifaru bila ya kukokota mzinga, na ndilo linaloruhusu leo kichwa hichohicho kifungwe chini ya ndege ndogo isiyo na rubani.

RPG, Javelin, NLAW na Kornet zinatofautiana vipi?

Zote hutoboa kwa kanuni moja. Tofauti iko katika namna ya kufika.

RPG-7 haina uongozi wowote: mrushaji hulenga kwa jicho, hukisia upepo na mwendo wa shabaha, na kwa gari linalotembea umbali wa maana hauzidi mita 300 hivi. Kizazi kilichofuata kilimruhusu askari aliongoze kombora kwa waya mwembamba unaofunguka nyuma yake. Ndivyo lilivyokuwa kombora la Kisovieti la Malyutka, lililoitwa Sagger na nchi za Magharibi, ambalo Wamisri walivuka nalo Mfereji wa Suez Oktoba 1973 na kulitumia pamoja na RPG kuvizuia vifaru vya Israel. Kornet ya Urusi hufuata mwale wa leza na hufika zaidi ya kilomita 5. Javelin ya Marekani, iliyoingia jeshini mwaka 1996, huikumbuka picha ya joto ya shabaha, hupanda juu na kushuka juu ya paa la kifaru ambako deraya ni nyembamba, na mrushaji huwa ameshajificha. NLAW, iliyobuniwa na Saab ya Sweden na kuunganishwa Belfast, hupita juu ya kifaru na kuripuka ikielekea chini. Ni ya masafa mafupi, ni nyepesi, na hutupwa baada ya kurushwa.

Barani Afrika mfano wa kukumbukwa ni wa Chad. Mwaka 1987 wapiganaji wa Chad, wakiwa juu ya pikapu za Toyota zilizofungwa makombora ya Milan yaliyotoka Ufaransa, walilivunja jeshi la Libya kule Fada na baadaye Ouadi Doum. Libya ilipoteza vifaru zaidi ya 90 katika pigano la Fada peke yake. Vita hivyo vikabaki na jina la Toyota, jambo ambalo si la haki kabisa kwa kombora, maana gari lilifanya kazi ya miguu tu.

Na kwa upande wetu, silaha hizi hazikuanza kujulikana juzi. Katika vita vya Kagera, jeshi la Tanzania lilipouteka uwanja wa Entebbe Aprili 1979, ndege ya mizigo ya Libya aina ya C-130 iliyokuwa ikijaribu kuruka iliteketezwa kwa roketi ya RPG.

Kama kichwa kidogo kinatosha, kwa nini nchi bado zinanunua vifaru?

Kwa sababu wenye vifaru nao hawakukaa bure. Kifo cha kifaru kilishatangazwa mwaka 1973, kikatangazwa tena 2022, na mwaka huohuo wa 2022 Poland ikaagiza mamia ya vifaru kutoka Korea Kusini na Marekani.

Kinga ya kwanza ni deraya ya tabaka tofauti tofauti, ambayo Umoja wa Kisovieti ulitangulia kuiweka kwenye kifaru chake cha T-64 miaka ya 1960. Mchirizi ukikutana na keramiki na metali kwa zamu huvurugika kabla ya kufika ndani. Kinga ya pili ni matofali yenye baruti baina ya mabamba mawili ya chuma. Mchirizi ukiligusa tofali, baruti huripuka na mabamba huruka kwa mshazari yakiukata mchirizi vipande. Mwanasayansi wa Kijerumani Manfred Held ndiye anayetajwa kuliasisi wazo hilo, na Israel ilikuwa ya kwanza kulitumia vitani, nchini Lebanon mwaka 1982. Jibu la watengeneza silaha lilikuwa kuweka vichwa viwili kwa mfululizo, cha mbele kwa ajili ya tofali na cha nyuma kwa ajili ya chuma.

Vizimba vya nondo vinavyoonekana kwenye picha za magari ya deraya vinaelezwa vibaya mara nyingi. Watu husema kazi yake ni kuifanya roketi iripukie mbali. Kwa roketi za aina ya RPG-7 faida yake kubwa zaidi ni kwamba kichwa kikinasa baina ya nondo hupondeka au mfumo wake wa kuripua huharibika, kisiripuke ipasavyo. Ni kinga ya kubahatisha, na majeshi yanajua hivyo.

Kinga mpya kuliko zote ni rada ndogo inayoliona kombora likija na kulipiga njiani. Mfumo wa Trophy wa Israel ulizuia roketi katika mapigano ya kweli kwa mara ya kwanza Machi 2011 karibu na Gaza, na sasa unafungwa kwenye vifaru vya nchi kadhaa. Gharama yake ni kubwa, na hapo ndipo hesabu inapokuwa ngumu: roketi ya bei ndogo inamlazimisha adui anunue kinga ya bei kubwa kwa kila gari alilonalo.

Nini huwapata waliomo ndani?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, na linastahili jibu la wazi. Tundu lenyewe ni dogo, na wakati mwengine mchirizi hupita bila ya kumgusa mtu. Madhara hutoka kwa vipande vya chuma vinavyobanduka upande wa ndani na, zaidi ya hivyo, kwa risasi za mzinga zilizohifadhiwa humo. Vifaru vya asili ya Kisovieti huzipanga risasi kwa duara chini ya askari, na zikiripuka mnara mzima wa mzinga hung'oka na kuruka. Magari mengine huzitenga risasi kwenye chumba chenye vifuniko vinavyofunguka nje, na ndani hupakwa tabaka la nyuzi ngumu la kuzuia vipande. Mwenye kijana wake ndani ya gari la namna hiyo ana haki ya kujua ni la aina gani.

Soko la silaha hizi linakua kwa kiasi gani, na kwa nini?

Takwimu za soko zinazouzwa na kampuni za utafiti wa biashara zinapishana sana, na mwandishi wa majibu haya haziamini. Mikataba iliyotangazwa na serikali inaaminika zaidi.

Marekani iliipa Ukraine maelfu ya makombora ya Javelin, na katika miezi ya mwanzo ya vita wachambuzi walikadiria kwamba karibu theluthi moja ya akiba yake ilikuwa imeondoka. Kiwanda kilikuwa na uwezo wa kutoa makombora 2,100 hivi kwa mwaka. Lengo lililowekwa lilikuwa kufikia 3,960 kwa mwaka ifikapo mwishoni mwa 2026. Mei 2023 jeshi la nchi kavu la Marekani lilitoa mkataba wa hadi dola bilioni 7.2 kwa ubia wa Lockheed Martin na Raytheon kwa ajili ya kombora hilo. Uingereza, ambayo ilianza kupeleka NLAW Ukraine Januari 2022 kabla ya uvamizi, iliagiza maelfu nyengine kujaza ghala zake kwa pauni milioni 229 mwezi Desemba mwaka huohuo. Barani Afrika, serikali ya Marekani iliidhinisha Machi 2024 Morocco iuziwe makombora 612 ya Javelin pamoja na mitambo 200 ya kurushia na huduma zake, kwa thamani inayokadiriwa kufika dola milioni 260.

Nyuma ya mikataba hiyo kuna hali ya jumla. Taasisi ya SIPRI ya Stockholm, inayotafiti masuala ya amani na silaha, ilihesabu kwamba matumizi ya kijeshi ya dunia kwa mwaka 2024 yalifika dola bilioni 2,718, yakiwa yamepanda kwa asilimia 9.4, kasi ambayo haijaonekana tangu kumalizika kwa Vita Baridi. Nchi za Ulaya zilizokuwa zimepunguza ghala zao kwa miaka thelathini zinanunua kwa pamoja, na foleni ya viwandani imekuwa ndefu. Wasioweza kungoja wanakwenda kwa wauzaji wengine. Israel ina Spike, inayoundwa pia Ulaya kwa ubia. Uturuki, India, Korea Kusini na China kila moja ina kombora lake.

Turudi kwenye tofauti ya mwanzo. Kichwa kinachotoboa kilishakuwa rahisi tangu miaka ya 1940, na hakuna nchi yenye viwanda vya wastani inayoshindwa kukitengeneza. Kinachouzwa kwa dola zinazokaribia laki mbili katika kila kombora la Javelin ni jicho lake: kamera ya joto inayopozwa, kompyuta, na uhakika kwamba mrushaji mwenye mafunzo ya wiki chache atalenga na kupata. Anayesema kwamba silaha hizi ni ghali kwa sababu ya baruti hajaelewa anachonunua.

Droni zimebadilisha nini?

Zimelishusha bei jicho. Droni ndogo ya mbio, yenye kamera ya kawaida na rubani aliyevaa miwani kilomita kadhaa nyuma, hugharimu dola mia chache, na mara nyingi kinachofungwa chini yake ni kichwa cha RPG kilekile cha zama za Kisovieti. Droni hukichagulia kichwa hicho mahali pa kupiga: paa, mlango uliosahauliwa wazi, sehemu ya injini. Katika vita vya Ukraine njia hii imechukua sehemu kubwa ya kazi iliyokuwa ya makombora ya bei kubwa.

Haimaanishi kwamba kombora limekufa. Droni huzibwa masikio kwa mitambo ya kuvuruga mawasiliano, hushindwa na upepo na mvua, na nyingi hupotea kabla ya kufika. Ndiyo maana sasa nyengine huongozwa kwa nyuzi za kioo zinazofunguka nyuma yake, kama zilivyokuwa waya za Malyutka nusu karne iliyopita. Lakini muuzaji wa jicho la dola laki mbili ana mshindani ambaye hakuwa naye mwaka 2021, na maghala yenye vichwa vya RPG yaliyodharauliwa kuwa takataka za Vita Baridi yamepata wateja upya.

Silaha hizi hufikaje kwa makundi yasiyo na serikali?

Kwa kawaida hazitoki kiwandani moja kwa moja. Huibiwa au huuzwa kutoka katika ghala za majeshi, huachwa uwanjani na jeshi lililokimbia, au hupewa kundi na serikali ya nje. Kuanguka kwa utawala wa Libya mwaka 2011 kulisambaza silaha nyingi katika nchi za Saheli. Somalia zilikuwepo kwa wingi tangu zamani: helikopta mbili za Black Hawk zilizodunguliwa Mogadishu Oktoba 1993 zilipigwa kwa RPG, silaha isiyokusudiwa ndege hata kidogo.

Visiwani petu jambo hili si la mbali. Vijana wa Unguja na Pemba wamo katika vikosi vya Tanzania vinavyolinda amani nje ya nchi, na wengi wa walinda amani husafiri kwa magari ya deraya nyepesi, ambayo kinga yake ni ya risasi na vipande vya mabomu, haikukusudiwa mchirizi wa aina tuliyoieleza. Kambi ya Semuliki, Kivu Kaskazini, mashariki ya Kongo, iliposhambuliwa tarehe 7 Desemba 2017, walinda amani wa Tanzania wasiopungua 14 waliuawa, na kadhaa kati yao walikuwa wa kutoka Zanzibar.

Kuna sheria gani za kudhibiti biashara hii?

Mkataba wa Biashara ya Silaha ulipitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa tarehe 2 Aprili 2013 na kuanza kufanya kazi tarehe 24 Disemba 2014. Unamtaka muuzaji apime kabla ya kuuza iwapo silaha zitatumika katika mauaji ya halaiki au uvunjaji mkubwa wa sheria za vita. Wauzaji wakubwa hawakuungana juu yake: China imejiunga, Urusi haimo, na Marekani ilitia saini bila ya kuuridhia. Tanzania ni miongoni mwa nchi zilizotia saini mwaka 2013. Karibu zaidi na sisi ni Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 kuhusu silaha ndogo na nyepesi, ambayo ndani yake silaha za kubebeka za kupigia vifaru zinahesabika.

Zanzibar haina mamlaka yake ya kununua silaha za namna hii. Ulinzi na usalama ni Mambo ya Muungano kwa mujibu wa Katiba ya 1977, na mnunuzi ni Jamhuri ya Muungano.

Kasoro kubwa ya sheria zote hizi, kwa maoni ya mwandishi, ni kwamba ziliandikwa kwa kudhani kwamba silaha ni kitu kizima kinachovuka mpaka. Droni inayouzwa kama chombo cha kupigia picha za harusi haimo katika orodha yoyote ya silaha, na kichwa cha zamani hakihitaji kununuliwa upya.

Kanuni hii ina matumizi ya amani?

Inayo, na ni makubwa kuliko watu wanavyodhani. Kisima cha mafuta au gesi kikishachimbwa huvikwa bomba la chuma na saruji, na ili mafuta yaingie lazima bomba hilo litobolewe mamia ya matundu maelfu ya mita chini ya ardhi. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1940 kazi hiyo hufanywa zaidi kwa viripuzi vidogo vyenye uwazi na bitana, vilivyopangwa ndani ya mrija mrefu. Viwanda vya chuma vimevitumia kufungulia tanuri, na wavunjaji wa madaraja na meli chakavu huvitumia kukata nguzo nene.

Hapa ndipo kanuni hii inapoweza siku moja kufika Pemba kwa njia halali. Oktoba 2018 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilitia saini na RAK Gas, kampuni ya Ras al-Khaimah katika Falme za Kiarabu, mkataba wa mgawanyo wa uzalishaji kwa kitalu cha Pemba na Zanzibar. Ikitokea visima vikachimbwa na gesi ikapatikana, kwa uwezekano mkubwa matundu ya mabomba yake yatatobolewa na mchirizi wa shaba.

Kwa nini majibu haya hayataji vipimo vya pembe, uzito na masafa ya kuripukia?

Kwa makusudi. Msomaji anayetaka kuelewa habari za vita na bajeti za ulinzi havihitaji.

Nikikuta kitu kinachofanana na roketi au bomu ufukweni, shambani au kwenye vyuma chakavu nifanye nini?

Usikiguse, usikisogeze, usikipige jiwe na usikipeleke kituoni mwenyewe. Fyuzi, yaani kifaa cha kuripulia, ya kichwa ambacho hakikuripuka huweza kuwa imeshaamka na kungojea mtikisiko mdogo tu, na kutu haipunguzi hatari yake. Miripuko ya maghala ya jeshi ya Mbagala, Aprili 2009, na Gongo la Mboto, Februari 2011, ilirusha mabomu na roketi hadi kwenye makaazi ya watu, na baadhi yake ziliokotwa zikiwa nzima. Weka alama kwa mbali, waondoe watoto, mjulishe sheha, na piga simu polisi kwa nambari 112. Wanunuzi wa vyuma chakavu wanapaswa kukataa kupokea kitu chochote chenye kichwa kilichochongoka na mapezi nyuma, hata kama muuzaji anaapa kwamba ni kipande cha mashua.